Wimbo wa njaa ulivyoigeukia Canada

Mwishoni mwa mwaka 2009, bendi moja ya muziki wa panki mjini Toronto ilirekodi upya wimbo Do They Know It's Christmas?, ulioimbwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984 na wasanii wa Uingereza na Ireland ili kuwachangia waliokuwa wakifa njaa nchini Ethiopia.

Safari hii fedha hazikuelekezwa Afrika. Zilikusudiwa makundi yanayowatetea wanawake wa jamii za asili za Canada waliouawa au kutoweka.

Jina la bendi hiyo, inayofahamika kwa mwimbaji wake Damian Abraham, ni tusi zito la Kiingereza na halitachapishwa hapa. Halikuizuia, hata hivyo, kutwaa tuzo ya Polaris ya albamu bora ya Canada mwezi Septemba mwaka huo huo, pamoja na dola 20,000. Katika wimbo huo iliwaalika wasanii kadhaa, akiwemo rapa GZA wa kundi la Wu-Tang Clan.

Panki kali huimbwa kwa mayowe, na kwa kawaida hulaani serikali, polisi na matajiri kwa pamoja. Udhaifu wake umo humo: lawama zikimwangukia kila mtu, hakuna anayelazimika kujibu. Bendi hii ilitaja jambo moja, tena la nyumbani kwake.

Aibu iliyofichwa

Wimbo wa mwaka 1984 ulikusanya mamilioni ya pauni, lakini ulilaumiwa kwa kuichora Afrika nzima kama nchi ya ukame na kifo. Mwaka 2014, Fuse ODG, msanii wa Uingereza mwenye asili ya Ghana, alikataa kushiriki katika toleo jipya kwa sababu hiyo. Na Ethiopia, ambayo imekuwa na Ukristo tangu karne ya 4, haikuhitaji kuulizwa kama inaijua Krismasi.

Iwe wanamuziki wa Toronto walikusudia hivyo au la, huruma iliyozoea kuvuka bahari ilirejeshwa ilikotoka.

Takwimu zilifuata baadaye. Mwaka 2010, chama cha wanawake wa jamii hizo kilikuwa kimeorodhesha visa 582. Mwaka 2014, polisi ya taifa ilitaja wanawake 1,181 waliouawa au kutoweka kati ya mwaka 1980 na 2012. Waziri Mkuu wa wakati huo, Stephen Harper, alikataa kuunda tume ya uchunguzi. Tume ilianza kazi mwaka 2016, chini ya mrithi wake Justin Trudeau, na ripoti yake ya Juni 2019 iliyaita mauaji hayo kuwa ya kimbari.

Hata baada ya hapo, mwaka 2022, polisi wa mji wa Winnipeg walisema haiwezekani kufukua jaa la taka ambako miili ya wanawake wawili iliaminika kuwamo. Serikali ya jimbo la Manitoba nayo ilikataa. Upekuzi ulifanyika baada ya uchaguzi wa Oktoba 2023 kumwingiza madarakani Wab Kinew, ambaye mwenyewe anatoka katika jamii za asili.

Mabaki ya wanawake hao wawili yalipatikana mapema mwaka 2025.