Nani Aliyeulizwa Kabla ya Makombora?

Mnamo Agosti 20, 1998, siku 13 baada ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi kulipuliwa na watu zaidi ya 200 kuangamia, wengi wao Wakenya wenzetu, Rais Bill Clinton aliamuru makombora yarushwe Afghanistan na Sudan. Nakiri kwamba nilipoisikia habari hiyo redioni nilipiga makofi. Majeraha ya Nairobi yalikuwa bado mabichi, na katika hali ile nani angejishughulisha na maswali ya kisheria?

Aliyejishughulisha ni mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu, shule zilipofunguliwa Septemba. "Mwalimu, kabla ya Rais kutoa amri ile, ni nani aliyeulizwa?" Nilimjibu kwamba Rais ni Amiri Jeshi Mkuu, kisha nikaendelea na somo. Lilikuwa jibu la mwalimu aliyetaka kumaliza silabasi, na tangu siku hiyo limenikera.

Kwani katiba ya Marekani haikomei hapo. Kifungu cha pili humfanya Rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu, ilhali kifungu cha kwanza huipa Kongresi, yaani bunge lao, mamlaka ya kutangaza vita. Waliokutana Philadelphia mwaka wa 1787 kuitunga katiba hiyo walikuwa wameandika hapo awali kwamba Kongresi ndiyo "itakayofanya" vita. Wakalibadilisha neno hilo likawa "kutangaza", ili Rais aweze kulizima shambulio la ghafla bila kuwangoja wabunge wakusanyike. Mlango huo mdogo wa dharura ndio ambao marais wa baadaye wameupanua hadi ukawa lango.

Kongresi ilitangaza vita rasmi kwa mara ya mwisho mwaka wa 1942. Harry Truman aliyapeleka majeshi Korea mwaka wa 1950 bila tangazo lolote. Baada ya masaibu ya Vietnam, wabunge walipitisha Azimio la Mamlaka ya Vita mwaka wa 1973, licha ya Rais Richard Nixon kulipinga kwa kura yake ya turufu. Sheria hiyo humtaka Rais aiarifu Kongresi katika muda wa saa 48 baada ya kuyaingiza majeshi katika mapigano, na asipopata idhini ayakomeshe baada ya siku 60, akiongezewa 30 iwapo zahitajika ili kuwaondoa askari salama.

Mtu angedhani sheria kama hiyo haina mwanya. Mwaka wa 2011 Rais Barack Obama, ambaye aliwahi kufunza sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago, aliamuru mashambulizi ya ndege nchini Libya. Siku 60 zikapita. Serikali yake ikaieleza Kongresi kwamba yale hayakuwa "mapigano" kwa maana ya sheria ile, kwa kuwa hapakuwa na askari wa nchi kavu wala hatari kubwa kwa wanajeshi wa Marekani. Walimu wenzangu wa lugha wangemwekea alama gani mwanafunzi aliyeandika hivyo katika insha? Yule aliyekuwa chini ya ndege hizo hakuhitaji kamusi.

Ajabu ni kwamba mwaka wa 2013 Obama huyo huyo, alipotaka kuishambulia Syria, aliamua kuiomba Kongresi idhini kwanza. Siku mbili kabla ya hapo Bunge la Uingereza lilikuwa limemkatalia Waziri Mkuu David Cameron kwa kura 285 dhidi ya 272, naye Cameron akatii. Mashambulizi hayo hayakufanyika. Sidai kwamba kura ziliiletea Syria amani, kwani damu iliendelea kumwagika huko kwa miaka mingi. Wala mfano huo haukudumu: Donald Trump aliishambulia Syria mwaka wa 2017 na tena 2018, na Juni 2025 akavishambulia vituo vya nyuklia vya Iran, mara zote bila kura ya Kongresi.

Wanaowatetea marais husema kwamba adui hangoji mjadala umalizike, na kwamba siri ikifika bungeni imefika sokoni. Hoja hiyo ina uzito adui akiwa mlangoni. Lakini Agosti 1998 zilipita siku 13. Mojawapo ya shabaha ilikuwa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum, kilichodaiwa kuhusika na silaha za kemikali kwa kutegemea sampuli ya udongo. Baadaye ushahidi huo ulitiliwa shaka hata na baadhi ya maafisa wa Marekani wenyewe. Yamkini mbunge mmoja, hata katika kikao cha faragha, angeuliza udongo huo ulichotwa wapi na ulipimwa na nani. Barua ya Clinton kwa Kongresi iliandikwa Agosti 21, na kiwanda kilikuwa kifusi tayari.

Nasi tusiyaone haya kuwa mambo ya ng'ambo. Katiba yetu ya 2010 yasema kwamba Rais hutangaza vita kwa idhini ya Bunge. Oktoba 2011 wanajeshi wetu walivuka mpaka wakaingia Somalia kuwaandama Al-Shabaab. Serikali ilieleza kwamba hiyo ilikuwa haki ya kujilinda chini ya kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, na vita havikutangazwa. Wabunge walipiga kura ya kuwajumuisha askari hao katika kikosi cha Umoja wa Afrika mnamo Desemba. Safari hiyo nayo niliunga mkono, na hata leo sijabadili nia kuhusu haja ya kujilinda.

Lakini mwanafunzi akiniuliza sasa swali lile la Septemba 1998, sitamtajia Amiri Jeshi Mkuu na kufunga kitabu. Nitamwambia azifungue katiba zote mbili mezani, kisha ahesabu siku zilizopita kati ya risasi ya kwanza na kura ya kwanza.