Tupeni dakika 90 za barabara Mwanza

Kuna jamaa mmoja hukaa upande wetu wa waandishi pale CCM Kirumba kila Pamba Jiji inapocheza nyumbani. Jina lake silijui, ila sauti yake naijua vizuri. Ikifika dakika ya 70, kiungo akichelewa kurudi kukaba, jamaa anasimama na kupaza sauti: "Mtoeni huyo, hana pumzi!" Halafu anakaa, anafuta jasho na kuulizia maji. Yeye mwenyewe alichofanya ni kupanda ngazi tu kutoka getini.

Zamani nilikuwa namcheka. Nimeacha kumcheka tangu siku nilipoingia kwenye mbio za barabarani hapa mjini, kilometa 10, nikiwa na namba kifuani kama wanariadha.

Niseme ukweli, nilijisajili kwa kiburi cha mchangani. Mimi ni winga wa bonanza, Jumamosi nacheza, nikasema kilometa 10 ni kitu gani? Kiungo wa Ligi Kuu anakimbia kilometa 10 hadi 12 kwenye mechi moja, tena huku akigongwa. Kilometa mbili za kwanza nikaenda kama nawahi krosi. Ya nne nikaanza kutembea. Ya tano akanipita mama mmoja wa umri wa mama yangu mzazi, mtandio kichwani, anakwenda mwendo wake uleule. Akanigeukia: "Pole mwanangu, taratibu tu, tutafika." Nilitakiwa kumwamkia, lakini pumzi ya kusema shikamoo sikuwa nayo. Nikainua mkono tu.

Nilifika, na medali nikavaa. Lakini kilichobaki kichwani mwangu siyo medali wala maumivu ya mapaja, ni barabara. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niijue Mwanza nakimbia katikati ya lami bila kugeuka nyuma. Trafiki kasimama, daladala zimezuiwa, bodaboda wamezima pikipiki wanatutazama na kutupigia makofi. Watoto wanakimbia pembeni yetu na ndala. Mzee na fimbo yake anatembea na namba yake kifuani, hana wasiwasi wowote.

Jumanne iliyofuata nikarudi barabara ileile kwa mazoezi. Dakika ya kumi tu, boda kanipitia karibu hadi kioo chake kikanigusa kiwiko. Dakika ya kumi na tano konda wa Coaster kanipigia kelele nipishe, nikaruka mtaro. Nikarudi nyumbani natembea. Ndipo nikajiuliza swali ambalo leo naliweka hapa mezani: kama barabara inaweza kufungwa mara moja kwa mwaka kwa ajili ya wenye namba vifuani, inashindikanaje kufungwa kila Jumapili asubuhi kwa ajili ya kila mtu? Na siyo siku nzima. Dakika 90 tu, za mechi moja.

Naomba nisieleweke vibaya. Sizipingi hizi mbio kubwa. Rock City Marathon imelitangaza jiji letu kwa miaka mingi, imejaza nyumba za wageni na imewapa vijana wetu pa kushindana. Moshi wana Kilimanjaro Marathon tangu 2003, na wanaokwenda kule wanajua namna mji mzima unavyochangamka. Mbio hizi ziendelee, na zikiongezeka ni heri.

Tatizo ni Jumatatu yake. Jumapili tumekimbia, tumepiga picha, tumeposti. Jumatatu tisheti inageuka nguo ya kulalia hadi mwakani. Na wapo wengi ambao hata hiyo Jumapili hawaipati, maana ada ya kujisajili mara nyingi inazidi kiingilio cha mzunguko mara kadhaa. Muuza dagaa wa Mwaloni akipiga hesabu anaona ni chakula cha watoto siku kadhaa. Huyu tusimlaumu kwamba hapendi mazoezi. Tumpe barabara ya bure.

Wapo watakaosema mazoezi mtu anaweza kufanya popote. Popote wapi, jamani? Hili ni jiji la miamba. Nyumba zimepanda milima, na vinjia vya huko juu ni vya kupishana kwa ubavu. Viwanja vya mpira vilivyo na hadhi vina mageti na ratiba. Ziwa Victoria tunalo mlangoni, lakini ufukwe wetu sehemu kubwa ni bandari, mialo, viwanda na hoteli. Pembezoni mwa barabara kuna wenzetu wanaotafuta riziki na meza zao. Kinachobaki ni ukingo wa lami, na huo unagawana na bodaboda.

Ukingo huo unaua. Julai 2023, hapa hapa Mwanza, gari liliwavamia watu wa klabu ya jogging wakiwa mazoezini asubuhi. Wenzetu wakapoteza maisha. Walikuwa wametoka kufanya kile ambacho kila daktari anatuambia tufanye. Tulilia, tukatoa rambirambi, viongozi wakafika msibani. Kisha klabu za jogging zikarudi barabarani, kwa sababu hazina pengine pa kwenda. Ukipita mjini alfajiri ya mwishoni mwa wiki utawasikia, wanaimba mchakamchaka kama tulivyoimba shuleni, mmoja ametangulia na kitambaa chekundu akipunga magari yapunguze mwendo. Kitambaa! Uhai wa watu 50 unalindwa na kitambaa.

Kila baada ya msiba wa namna hii jibu rahisi huwa ni kuwaambia wakimbiaji wawe waangalifu. Sawa, wawe waangalifu. Lakini hatujawahi kumwambia Fei Toto awe mwangalifu na magari akiwa anapiga chenga, kwa sababu tumempa uwanja. Mkimbiaji naye anahitaji uwanja wake, na uwanja wake ni barabara.

Sasa, barabara ipi? Hapa nataka niwe mkweli, maana pendekezo lisilotekelezeka ni kelele za jukwaani. Siombi Makongoro, ile ndiyo njia ya uwanja wa ndege. Siombi Kenyatta wala Nyerere, zile ndizo zinazoleta watu na mizigo mjini. Naomba Capri Point. Anayelijua jiji hili anajua kwamba Capri Point ni rasi, imeingia ziwani, na hakuna anayepita kule kwenda sehemu nyingine. Siyo njia ya Bugando. Wakimbiaji wengi tayari wanakwenda kule kwa sababu kuna lami, kuna upepo wa ziwa na kuna kilima cha kupima moyo. Kuanzia saa 12:30 asubuhi hadi saa 2:00, gari lisilo na lazima lisiingie. Mkazi wa kule apite taratibu na aheshimiwe, ni kwake. Gari la wagonjwa lipite muda wowote. Wanaowahi misa ya kwanza wapite na baraka zao. Wengine wote wasubiri dakika 90.

Gharama? Trafiki wachache, vizuizi vichache, tangazo redioni. Halmashauri ya Jiji, Jeshi la Polisi na TARURA wanaweza kulimaliza kwenye kikao kimoja. Siku ya mechi kubwa pale Kirumba huwa tunapanga magari, tunazuia njia, tunaleta polisi, na wala hakuna anayesema haiwezekani.

Na hili siyo jambo la kuiga Ulaya. Nendeni Kigali. Tangu 2016 wenzetu wale wana siku yao ya barabara bila magari. Ilianza mara moja kwa mwezi, ikafika mara mbili. Jumapili asubuhi magari yanazuiwa kwenye njia kadhaa kubwa za mji, watu wanamiminika kukimbia, kutembea na kuendesha baiskeli, na wanapimwa presha na sukari bure. Kigali nayo ni mji wa milima kama wetu, ina biashara kama sisi na ina makanisa kama sisi. Waliamua tu.

Faida ya kwanza ni afya, na hapa naongea na mashabiki wenzangu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Dakika 150 ni mechi moja, dakika 30 za nyongeza, na nusu saa ya kubishana kuhusu penalti. Sisi dakika hizo tunazo kila wiki, ila tunazitumia tumekaa kwenye kibanda umiza, mkononi soda, mezani chipsi. Tunawajua kwa majina wachezaji wenye goti bovu Msimbazi na Jangwani, lakini presha zetu wenyewe hatujui zikoje mpaka siku tumeanguka.

Faida ya pili ni kwa akina dada na akina mama. Waulizeni kwa nini hawakimbii. Watawaambia alfajiri wanaogopa giza, jioni wanaogopa maneno ya vijiweni. Siku ile ya mbio niliona wanawake wengi kuliko ninaowaona barabarani mwaka mzima. Hawakuwa wamepata ujasiri mpya usiku ule. Walikuwa wamepata barabara yenye watu na yenye usalama, basi.

Faida ya tatu ni vipaji. Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki tangu tuanze kushiriki, na zote ni fedha, zote zimetoka kwenye kukimbia, zote Moscow 1980. Moja ni ya Filbert Bayi, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Nyingine ni ya Suleiman Nyambui, mita 5,000, na Nyambui ni mtoto wa Majita huko Mara, ufukwe huu huu wa ziwa letu. Baadaye akashinda Berlin Marathon mara mbili mfululizo, 1987 na 1988. Septemba 2025 Alphonce Simbu kutoka Singida akatuletea dhahabu ya kwanza ya dunia kule Tokyo. Alitumia saa 2:09:48, na Mjerumani Amanal Petros akaandikiwa muda huohuo, ikabidi picha ndiyo iamue. Marathoni nzima, kilometa 42, imeamuliwa kwa kifua!

Hapa sisi waandishi wa soka tuna deni, nami nimo. Simbu tulimpa siku mbili tatu, kisha tukarudi kwenye tetesi za usajili. Tunataka akina Nyambui wengine kutoka kanda ya ziwa, lakini kijana wa Igoma au Igogo anayejisikia ana mbio tumemwandalia wapi pa kujijua? Akienda Capri Point kila Jumapili, akawapita watu wazima 200 na viatu vya kuazima, ataonwa. Akikimbia peke yake mtaroni anaonwa na konda tu.

Kwa hiyo nina ombi la pili, na hili ni kwa matawi ya Simba na Yanga hapa Mwanza. Nyie ndio mnaojua kukusanya watu. Mnachangishana, mnakodi mabasi, mnasafiri usiku kucha mpaka Dar es Salaam kuangalia dakika 90 na kurudi. Hakuna chama cha riadha chenye nguvu hiyo. Basi wekeni watani wa jadi Capri Point. Kilometa tano, tawi kwa tawi. Asihesabiwe aliyewahi kufika, ihesabiwe idadi ya waliofika. Mwenye kitambi akitembea mpaka mwisho, ni bao. Bibi akimaliza, ni bao. Watakaozidiwa idadi wanunue supu ya sato. Mashabiki wa Pamba nao wasiachwe, maana hapa ndio wenyeji na mji ni wao.

Tusingoje mfadhili wala tisheti. Tukianza sisi kwa mamia, tena kwa utaratibu, tukaandika barua yetu na kuipeleka Jiji, itakuwa vigumu kutujibu kwamba hakuna wahitaji. Na ikifika mbio kubwa ya mwaka, waandaaji watakuta mji uliojaa wakimbiaji badala ya mji wa kuvaa namba siku moja.

Nami nitakuwepo, nyuma huko huko na yule mama wa mtandio, safari hii nikianza taratibu ili shikamoo yake aipate. Na yule jamaa yangu wa Kirumba namkaribisha. Aje na sauti yake yote. Tuanze pamoja saa 12:30, halafu ikifika dakika ya 70 tuangaliane nani wa kutolewa.