Karo ya Ng'ambo ni Deni la Dola

Mfanyabiashara anayetaka kumpeleka mtoto chuo kikuu Marekani huanza kwa kuuliza karo ni kiasi gani. Swali ni jema, lakini ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni bei ya dola siku ya kulipa, na siku hiyo hurudi kila mwaka kwa miaka minne.

Soko la Nairobi limetoa funzo. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa shilingi 113 hivi. Januari 2024 ilifika karibu 160. Karo ya dola 20,000, ambayo ingegharimu shilingi 2,260,000, ikawa 3,200,000. Katika hesabu hiyo chuo hakikuongeza hata senti. Shilingi 940,000 zote ni za soko.

Waliokimbilia dola wakati huo kwa hofu nao waliumia. Februari 2024 Serikali ya Kenya iliuza nje hatifungani ya dola bilioni 1.5 ili kulipa sehemu ya deni lililokuwa likiiva Juni. Shilingi ikapata nguvu, na kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu 130. Aliyenunua zote kwa 160 alipoteza thamani, tena akakosa riba ya hati za hazina iliyokuwa imepita asilimia 16.

Basi dawa si kubahatisha. Mwenye duka Eastleigh hangoji shehena ifike Mombasa ndipo atafute dola. Karo nayo iendeshwe hivyo: miaka miwili kabla ya safari, kiasi kilekile cha fedha kitengwe kila mwezi kununua dola, ziwe ghali au rahisi, na ziwekwe katika akaunti yake, mbali na fedha za duka.

Hata penye masomo ya bure hesabu ni hiyo. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi karo, lakini mwombaji viza hutakiwa kuonyesha fedha za matumizi ya mwaka mzima. Septemba 2024 kiwango kiliwekwa euro 11,904.

Mzazi ambaye mpango huu unamshinda ni heri ajue sasa, kuliko kumrudisha mtoto nyumbani mwaka wa pili. Nusu ya digrii haina mnunuzi. Mali bila daftari hupotea bila habari.