Mgeni wa tembo aje, mwenyeji naye apone

KILA kiangazi, hasa kati ya Juni na Oktoba, magari ya watalii huandamana kuelekea Hifadhi ya Taifa Tarangire, mkoani Manyara. Hifadhi hiyo yenye kilometa za mraba 2,850, iliyoanzishwa mwaka 1970, inasifika kwa makundi makubwa ya tembo. Sababu ni maji. Mabwawa ya nje yanapokauka, Mto Tarangire hubaki tegemeo, na tembo hukusanyika hapo wakichimba mchanga kwa mikonga na kubandua magome ya mibuyu.

Mvua zinapoanza, tembo hao hutawanyika. Hutoka hifadhini hadi nyanda za Simanjiro na kupita kwenye mashamba ya vijiji jirani. Tembo mkubwa huweza kula hadi kilo 150 kwa siku. Kundi moja likiingia kwenye mahindi usiku mmoja, jasho la msimu mzima limekwisha.

Hapo ndipo hesabu inapogoma. Mtalii hulipia kiingilio, gari, kitanda na chakula. Mkulima aliyepoteza shamba hupewa kifuta jasho, ambacho, kama jina lake linavyosema, si fidia ya hasara yote. Kikichelewa, hakimsaidii hata kununua mbegu za msimu unaofuata.

Zipo njia za kupunguza hasara hiyo. Kamba iliyopakwa oili chafu na pilipili husaidia kumzuia tembo. Uzio wa mizinga ya nyuki nao una faida mbili, kwani tembo huogopa nyuki, na asali huuzwa. Huko Burunge, wilayani Babati, vijiji vilivyotenga ardhi kwa ajili ya wanyamapori hupata mgao wa mapato ya utalii.

Hata hivyo, mgao peke yake hautoshi. Fedha nyingi ziko jikoni. Hoteli na kambi za watalii huhitaji mboga, mayai, maziwa na mchele kila siku. Mpunga unalimwa Magugu na ndizi zimejaa Mto wa Mbu, maeneo yasiyo mbali na hifadhi. Lakini mnunuzi wa hoteli hutaka kiasi kilekile, ubora uleule, siku iliyopangwa, pamoja na risiti. Mkulima mmoja mwenye nusu eka hawezi. Kikundi chenye mizani, stoo na akaunti ya benki kinaweza.

Wenye hoteli nao wana wajibu. Mfanyabiashara mdogo akipeleka nyanya leo na kulipwa baada ya miezi mitatu, mtaji wake umekufa. Malipo ya haraka yatamsaidia kuliko misaada ya mara moja. Halmashauri nazo zihakikishe maombi ya kifuta jasho hayalali mezani.

Wakulima wenyewe pia wasiwaachie wageni safari hizo. Mavuno ya mahindi huangukia kiangazi, wakati tembo wako mtoni, na kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni. Kikundi kikichangishana na kukodi basi dogo, wanachama watawaona tembo na pia kujua ni bidhaa gani zinazotakiwa.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Tarangire wageni wanakuja. Kilichobaki ni mwenyeji kupona.