Jarida la picha: Tafuta jicho, si kamera

Macho hayana pazia, walinena wahenga. Nasi watu wa mjini tumeyathibitisha maneno hayo, kwani tangu tunapoamka hadi tunapolala macho yetu hayapumziki. Ndani ya matatu, kwenye foleni ya benki, hata mezani wakati wa chakula cha jioni, kidole kinasukuma picha juu ya kioo cha simu na nyingine inajitokeza, kisha nyingine. Kijana wa chuo anaweza kutazama picha mia tatu kabla ya kunywa chai ya asubuhi, na ukimwuliza saa nne ameona nini, hakumbuki hata moja.

Basi si ajabu kwamba wazazi wengi huguna mwana wao anayesomea uanahabari anapoomba pesa za kununua jarida la upigaji picha. "Kwani picha zote si ziko kwenye simu?" huuliza baba. Swali hilo ni la haki. Mengi ya majarida hayo hutoka ng'ambo na bei yake ni ya ng'ambo, ilhali nyumba ina karo, kodi na unga wa kununuliwa.

Jibu langu ni kwamba kuna majarida ya picha ambayo kuyanunua siku hizi ni hasara tupu, na yapo mengine ambayo mwanafunzi akiyakosa atakuwa amepungukiwa, hata awe na simu ya bei gani. Kazi ni kuyatenganisha, na kazi hiyo haihitaji elimu kubwa.

Duka, darasa na ukumbi

Zamani jarida la picha lilikuwa mambo matatu kwa pamoja. Lilikuwa duka, kwa maana kwamba kurasa nyingi zilijaa matangazo ya kamera mpya na bei zake. Lilikuwa darasa la kumfundisha msomaji jinsi ya kutumia mwanga na lenzi. Kadhalika lilikuwa ukumbi wa maonyesho, mahali pa kuzitazama picha za mabingwa.

Majarida hayo yalianza kitambo. Amateur Photographer la Uingereza lilianza kuchapishwa mwaka 1884. Popular Photography la Marekani lilianza 1937, na kwa miaka mingi mpiga picha wa kujifunzia alilisubiri kama mkulima anavyosubiri mvua. Hakukuwa na njia nyingine rahisi ya kujua kamera gani imetoka na inauzwaje.

Intaneti ilipokuja, iliwahi duka kwanza. Mwaka 1998 ilianzishwa tovuti ya DPReview, ambayo ilizipima kamera moja moja na kutoa habari zake bure, siku ile ile kamera ilipotangazwa. Jarida linalochapishwa huandaliwa majuma kadhaa kabla ya kumfikia msomaji. Lingewezaje kushindana? Matangazo yalihama, na mwaka 2017 Popular Photography lilifunga kurasa zake baada ya miaka 80. Jina hilo lilirejea mwaka 2021, lakini kwenye intaneti tu.

Hata hivyo, wenye tovuti wasicheke. DPReview ilinunuliwa na Amazon mwaka 2007, na Machi 2023 kukatangazwa kwamba ingefungwa. Wasomaji wake walishtuka, wakahofia kwamba maandishi ya miaka 25 yangepotea. Bahati nzuri, mnunuzi mwingine alijitokeza mwezi Juni mwaka huo huo na ikaokolewa. Funzo ni kwamba habari za vyombo huoza upesi, ziwe za karatasi au za kioo. Kamera inayosifiwa mwezi huu itakuwa imepitwa baada ya miaka michache.

Kwa hivyo, hapa ndipo pa kuanzia. Shika jarida, fungua kurasa ishirini za kwanza, uhesabu ngapi zinakuambia ununue kitu. Zikiwa nyingi kuliko zile za picha na mafunzo, lirudishe mahali ulipolitoa. Na ukiona kila kamera inayopimwa humo inapata sifa, jua kwamba anayekula kwa mwenye kamera hawezi kumsema vibaya.

Mwanga haujabadilika

Tukija kwenye darasa, mambo ni tofauti. Mwanga wa jua wa mwaka 1937 ndio huu huu unaotuangazia leo. Kanuni iliyofundishwa na majarida ya zamani ingali inafanya kazi: jua likiwaka bila wingu, weka tundu la lenzi kwenye nambari 16, na kasi iwe moja juu ya nambari ya ISO. ISO ikiwa 100, kasi ni 1/100 ya sekunde, au 1/125 iliyo karibu nayo. Kijana aliye na kamera ya mtumba anaweza kuijaribu leo alasiri uwanjani, na picha ikatoka sawa.

Maana yake ni kwamba jarida kuukuu la mafunzo si jarida bovu. Ukipita kwa wale wachuuzi wa vitabu vya kando ya barabara tunaowaita "inama", utakutana na majarida ya picha ya miaka iliyopita, tena kwa bei ambayo haitamfanya mzazi agune. Matangazo yake hayana maana tena, jambo ambalo ni faida, kwa kuwa hayatakutia tamaa. Mafunzo yamebaki.

Lakini lipo jambo moja la kutahadhari nalo. Mengi ya mafunzo hayo yaliandikwa na Wazungu kwa ajili ya Wazungu. Kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipa maabara za kusafisha picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kwa jina la Shirley, ili itumike kupimia rangi. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi zote. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kuonekana katika miaka ya 1990.

Tatizo halikuishia kwenye filamu. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kwamba kinachotazamwa ni cha rangi ya kijivu cha wastani. Msimamishe bibi arusi mweusi aliyevaa shela mbele ya ukuta mweupe, kamera itaona weupe mwingi na kuupunguza mwanga, na uso wa bibi arusi utageuka makaa. Dawa yake ni kuupima mwanga usoni, au kuuongeza kwa makusudi. Kwenye simu, gusa uso juu ya kioo kisha upandishe mwanga kidogo. Jarida lisilokuwa na ukurasa hata mmoja unaoeleza jinsi ya kupiga picha ya ngozi kama yako halijakufundisha kazi yako. Vijana wengi wa hapa kwetu hupata ujira wao wa kwanza kwenye arusi, na arusi hairudiwi.

Aliyechagua ni nani?

Ukumbi wa maonyesho ndio uliobaki na thamani kubwa zaidi, na hapa ndipo simu inaposhindwa. Kwenye simu picha huletwa na mashine, moja juu ya nyingine, mandazi kando ya vita, vita kando ya viatu. Katika jarida zuri kuna mtu aliyekaa na picha mia, akazitupa tisini, kisha akazipanga kumi zilizobaki ili zisimulie jambo.

Mfano bora ni jarida la Life la Marekani. Septemba 1948 lilichapisha kazi ya mpiga picha W. Eugene Smith iitwayo "Country Doctor", kuhusu daktari wa kijijini katika jimbo la Colorado. Smith alimfuata daktari huyo kwa siku 23. Picha ya kwanza inamwonyesha akitembea peke yake chini ya mawingu mazito, mkoba mkononi. Katikati unamwona akimhudumia mtoto aliyeumia kichwani. Mwishoni amesimama jikoni, kikombe cha kahawa mkononi, amechoka kiasi kwamba huhitaji maneno kuelezwa. Ukiondoa picha moja, hadithi inapwaya.

Habari njema kwa mzazi mwenye mfuko mwembamba ni kwamba matoleo ya Life ya kila wiki, kuanzia 1936 hadi 1972, yamewekwa kwenye Google Books na husomwa bure. Bando likiwa ghali, tumia maktaba yenye intaneti. Intaneti haijaua kila kitu, vingine imevihifadhi.

Kijana akiyasoma, akumbuke pia kwamba wapo wa kwetu waliofika huko. Priya Ramrakha alizaliwa Nairobi mwaka 1935, na picha zake zikachapishwa na Time na Life. Aliuawa mwaka 1968 akiwa kazini katika vita vya Biafra, nchini Nigeria. Halikadhalika jarida la Drum, lililoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1951, lilikuwa na toleo la Afrika Mashariki. Ukilipata kwa babu au kwa mchuuzi, usiliache lifungiwe njugu. Na miongoni mwa yanayojali picha zaidi ya vyombo lipo Aperture la Marekani, lililoanzishwa 1952. Toleo lake nambari 227 la mwaka 2017, lililoitwa Platform Africa, lilihusu upigaji picha wa bara letu. Toleo moja kama hilo lina faida kuliko kulipia mwaka mzima wa jarida la kusifu lenzi.

Kabla ya kutoa pesa

Usilipie jarida la mwaka mzima kabla ya kusoma matoleo matatu tofauti, hata kama ni ya kuazima. Jiulize: je, nikiyatoa matangazo yote, kitabaki nini? Je, kuna picha ninayoikumbuka siku ya pili? Je, naelezwa jinsi picha ilivyopatikana, au naambiwa tu kamera iliyotumika? Wanafunzi wanne wakichanga, toleo moja linatosha wote.

Kisha lisomwe jinsi linavyostahili. Chagua picha moja, ufunike maelezo yake kwa kiganja. Mwanga unatoka upande gani? Mpiga picha alisimama wapi? Ni nini alichokiacha nje, na kwa nini? Halafu toka nje mtaani, utafute mwanga kama huo kwenye kibanda cha mama mboga au gereji ya jua kali, uombe ruhusa, upige. Asiyefanya hivyo atakuwa anakusanya karatasi tu.

Mzazi, siku moja ni mwanao atakayepewa kamera nyumbani aipige picha nyanya yake, pengine ile ya mwisho, itakayotundikwa ukutani na kuoneshwa vitukuu. Siku hiyo hakuna atakayeuliza kamera ilikuwa ya aina gani. Watauliza kama uso unaonekana. Jarida la kulinunua ni lile litakalomfundisha kuuona uso huo.