Soko Si Mvua: Someni, Ndugu Zangu

Ndugu Wafanya Kazi,

Kila mara wajumbe wetu wanapokwenda kuonana na matajiri juu ya mishahara, jibu huwa ni lile lile: “Sisi hatuna neno, lakini soko ndilo linaloamua.” Husemwa kwa upole, kama mtu atajaye mvua, ambayo binadamu hana amri juu yake. Na mara nyingi wajumbe wetu hunyamaza. Woga hawana, na haki wanayo, lakini tajiri amekuja na karatasi, naye mjumbe amekuja na kofia yake tu.

Kwa hiyo leo twataka kusema juu ya kusoma vitabu vya uchumi. Najua wako watakaocheka na kuuliza, “Sisi watu wa gatini na viwandani, vitabu hivyo ni vya nini?” Ngojeni kidogo.

Mtu ambaye matajiri hupenda kumtaja wanapolisifu soko ni Adam Smith wa Uskoti. Alikuwa mwalimu wa falsafa ya maadili katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na mwaka 1776 alitoa kitabu kikubwa juu ya utajiri wa mataifa. Wengi wanaomtaja hawakumsoma. Lau wangalimsoma wangalikuta ameandika kwamba matajiri, kila mahali na kila wakati, wana mapatano yao ya kimya ya kutopandisha mishahara. Na kwamba sheria za siku zile ziliwakataza wafanya kazi kuungana, wala hazikuwakataza matajiri. Akasema pia kwamba nchi haiwezi kusitawi ikiwa sehemu kubwa ya watu wake ni maskini, na kwamba ni haki wale wanaowalisha na kuwavika wenzao wapate wao nao chakula na mavazi ya kutosha.

Maneno hayo hayakutoka katika mkutano wa chama chetu. Yametoka katika kitabu cha matajiri wenyewe! Mjumbe aliyeyasoma hatanyamaza tena.

Tena Smith alieleza kiwanda kidogo cha pini, ambamo watu 10 waliogawana kazi walitengeneza pini zaidi ya 48,000 kwa siku moja. Hadithi hiyo matajiri waipenda sana. Lakini mbele katika kitabu kile kile alionya kwamba mtu ambaye maisha yake yote yapita katika kurudia kazi moja au mbili ndogo, akili yake hufifia, na kwa sababu hiyo akaitaka serikali iwasomeshe watu wa kawaida. Basi nasi tusikubali mashine ile akili zetu.

Hapa kwetu pia mfano uko. Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, na mji ukasimama. Mwaka 1954 kamati ya Serikali ya kikoloni iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilionyesha kwamba kima cha chini cha mshahara kilikuwa kimepimwa kwa mahitaji ya mwanamume aliye peke yake, ikashauri kipimwe kwa mahitaji ya mtu na jamaa yake. Fikirini sana jambo hili. Je, ni soko lililoamua kwamba mfanya kazi hana mke wala mtoto? La! Watu waliketi na kalamu wakapiga hesabu hiyo, na kilichoandikwa na kalamu ya mtu chaweza kusahihishwa na kalamu ya mtu.

Ndugu Makhan Singh, aliyewekwa kizuizini tangu 1950 hata 1961, alitoa mwaka 1969 kitabu cha historia ya vyama vya wafanya kazi wa Kenya. Ni wangapi kati yetu waliokifungua?

Basi fanyeni hivi. Kila tawi liwe na kikundi cha kusoma, hata cha watu watano. Anayejua Kiingereza asome kurasa chache wakati wa chakula cha mchana, awaeleze wenzake kwa Kiswahili, kisha mbishane. Msiamini kila kitabu. Msomeni Smith, msomeni na Marx aliyempinga, mpime wenyewe.

Pili, kila mmoja awe na daftari, aandike bei ya unga, mafuta na nauli mwezi hata mwezi. Tuseme tajiri ameongeza shilingi 5 kwa kila 100, na bei zimepanda shilingi 8 kwa kila 100. Kwenye karatasi mshahara umepanda, lakini mama anayekwenda sokoni ajua umepungua. Ofisi ya Takwimu ya Taifa hutangaza kila mwezi jinsi bei zinavyokwenda. Lingansheni habari zake na daftari zenu, mzipeleke kwa wajumbe kabla ya mkataba mpya kutiwa sahihi, wala si baada yake.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali yetu sisi ni jasho letu. Tusiliuze bila kujua hesabu yake.

Umoja ni nguvu.

Mhariri