Sauti Zetu, Amri ya Nani?

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa fasihi simulizi alirejea kutoka uwandani na mahojiano thelathini na mawili ya wazee. Aliyarekodi mwenyewe, akayahamishia kwenye kompyuta yake mwenyewe. Wiki chache baadaye alikuja ofisini amekata tamaa. Bando limekwisha, akasema, hivyo unukuzi umekwama. Nikamwuliza bando linahusiana nini na faili ambalo tayari limo kwenye mashine yake. Akanionyesha. Programu aliyoitumia ilimtaka kwanza aingie kwa akaunti, kisha atazame tangazo, na ndipo imruhusu kumsikiliza mzee aliyeketi naye mkekani.

Nikachomeka flashi yenye programu ndogo ya bure iitwayo mpv, nikafungua dirisha la amri, nikaandika:

mpv mzee07.wav

Mzee akaanza kuzungumza. Hapakuwa na akaunti, tangazo wala mtandao. "Kumbe kompyuta inaweza hivi, Mwalimu?" akauliza. Swali hilo limeninyima raha tangu siku ile, kwa kuwa aliyeuliza yuko mwaka wa tatu wa chuo kikuu na somo la kompyuta alilifaulu vizuri. Swali lake ni hukumu, na tunaohukumiwa ni sisi tunaofundisha.

Hoja yangu ni hii: tunachokiita elimu ya kompyuta ni elimu ya kubofya. Tunamfundisha kijana mahali kilipo kitufe, hatumfundishi kazi inayofanywa na kitufe hicho. Siku kampuni ikikihamisha kitufe, au ikikitoza ada, elimu yote huondoka nacho.

Hebu tujiulize faili la sauti ni kitu gani. Ni orodha ya namba, basi. Katika kiwango cha sidii, sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Dakika moja ya namna hiyo, kwa spika mbili, huchukua takriban megabaiti 10; mfumo wa MP3 huibana hadi megabaiti moja hivi kwa kuacha yale ambayo sikio halitayakosa sana. Kuicheza sauti ni kuzisoma namba hizo, kuzikunjua iwapo zimebanwa, na kuzipeleka kwenye spika. Katika hatua zote hizo, hakuna hata moja inayohitaji kampuni ya ng'ambo ijue unamsikiliza nani.

Wala zana hazijakosekana. Programu ya SoX ipo tangu mwaka 1991. FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, huja na kichezeo chake kiitwacho ffplay. Kompyuta za Apple huuzwa zikiwa na amri ya afplay ndani yake, na katika Linux aghalabu utaikuta aplay. Hata hataza za MP3 zilifikia ukingoni mwaka 2017. Mlango uko wazi miaka yote hii. Ni sisi tuliowaambia wanafunzi kwamba ni ukuta.

Natarajia pingamizi. La kwanza litasema mambo haya ni ya wataalamu. Maneno mawili na kibonyezo kimoja! Mtu anayekariri mlolongo wa nyota, namba na reli ili anunue bando kwenye simu yake hashindwi na amri hii. La pili litasema amri hizi zimebeba Kiingereza. Ni kweli, lakini vitufe navyo vimebeba Kiingereza, tena hubadilishwa kila toleo jipya likitoka. La tatu lina uzito zaidi: kubofya ni rahisi. Sikatai. Mimi mwenyewe hubofya nikitaka taarabu ya jioni. Lakini mtazame mnukuzi anayetaka kurudia sentensi iliyoanza dakika ya kumi na mbili na nusu, kwa mwendo wa taratibu:

mpv --start=12:30 --speed=0.75 mzee07.wav

Amri hiyo ni maandishi. Anaweza kuihifadhi, kuituma kwa mwenzake kwa ujumbe wa simu, hata kuiweka kwenye kiambatisho cha tasnifu ili mtahini asikie kile kile alichokisikia yeye. Mbofyo hauandikiki, ukishafanyika umepotea. Jamii inayodai kuthamini maarifa haina budi kuuthamini ujuzi unaoweza kuandikwa na kurithishwa.

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Sitetei katazo lile; lilituchelewesha. Ila siku zile mashine ilitazamwa kwa jicho la kuuliza inakula fedha kiasi gani na inamtumikia nani. Leo mashine zimejaa mifukoni na madarasani, na jicho lile tumelifumba. Tunalipa kila mwezi, kwa fedha na kwa taarifa zetu, ili turuhusiwe kusikia sauti za babu zetu. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na hawa tunaowategemea hata ndugu zetu si wao.

Kwa hiyo nadai mambo mawili, na nayadai kwa wenzangu kabla sijayadai kwa wakubwa. Kwanza, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe wa sheria, wa ushairi au wa kilimo, apewe walau wiki mbili za kuiamuru mashine kwa maandishi. Pili, rekodi zote za uwandani zihifadhiwe katika mifumo iliyo wazi, kama WAV au FLAC, ambayo programu yoyote ya bure inaweza kuisoma bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Mwanafunzi yule amemaliza unukuzi wake. Mzee wa saba, nimeambiwa, amekwisha kufariki. Sauti yake ipo, na anayeweza kuiita izungumze ni yule aliyefundishwa namna ya kuiita. Wengine wote watasubiri tangazo liishe.